Kati ya Asia na Marekani: Jumuiya za Urafiki, Mikataba ya Madini na Lugha ya Wenye Ardhi katika Lualaba

Utangulizi

Mji wa Dilolo uko mwisho wa reli ya Kongo upande wa magharibi. Ng'ambo ya mpaka uko mji wa Luau, ambao Wareno waliuita Teixeira de Sousa, na kutoka hapo njia hiyo hiyo huendelea ndani ya Angola mpaka bandari ya Lobito, umbali wa kilomita 1,344. Upande wa mashariki garimoshi hukata zaidi ya kilomita 400 kabla ya kufika Kolwezi, penye migodi ya shaba na kobalti. Wenyeji wa Dilolo huzungumza Kichokwe, Kiluvale na Kilunda majumbani mwao. Sokoni na stesheni Kiswahili ndicho huwaunganisha. Ofisini hutawala Kifaransa. Na anayefanya biashara na Luau hulazimika kujua Kireno cha kununulia na kuuzia.

Makala haya yanakusudia kueleza kazi ya aina moja ya mashirika yasiyotafuta faida, yaani yale yaliyojitwika jukumu la kujenga uhusiano wa kitamaduni na wa kisera kati ya Asia na Marekani. Msomaji anayo haki ya kuuliza jambo hilo linaihusu nini Dilolo. Jibu ni kwamba Asia na Marekani hukutana katika udongo wa Lualaba kwa ukaribu usiopatikana mahali pengi duniani, na kwamba mojawapo ya mashirika hayo lilifanya kazi Beijing na pia Lubumbashi. Hoja inayojengwa hapa ni kuwa madaraja hayo yamejengwa kwa ustadi na kwa nia njema, lakini yamejengwa kwa lugha za pande mbili. Na pale ambapo kinachozungumzwa ni mali ya mtu wa tatu, lugha ya huyo wa tatu si pambo la kuongezwa baadaye.

Jumuiya za urafiki zilivyoanza

Shirika linalojulikana zaidi katika kundi hili ni Asia Society, lililoanzishwa New York mwaka 1956 na John D. Rockefeller wa tatu, mjukuu wa tajiri wa mafuta. Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 1951, Rockefeller alikuwa amekwenda Japani pamoja na John Foster Dulles katika matayarisho ya mkataba wa amani, na huko alipewa kazi ya kufikiria namna ambavyo mataifa mawili yaliyotoka kupigana yangeweza kufahamiana kwa njia ya elimu na sanaa. Kutokana na fikra hizo Asia Society ilianza na maonyesho ya sanaa, muziki na mihadhara. Baadaye ilifungua matawi nje ya New York, likiwamo la Hong Kong mwaka 1990, na mwaka 2014 ikaunda taasisi yake ya sera, ili wanadiplomasia wastaafu, wachumi na wanazuoni wapate mahali pa kuzungumza mambo ambayo serikali zao haziwezi kuyazungumza hadharani.

Shirika la pili, Kamati ya Taifa ya Uhusiano wa Marekani na China, liliundwa mwaka 1966, wakati serikali hizo mbili hazikuwa na ubalozi kwa kila mmoja. Mwaka 1972 Kamati hiyo ilishiriki kuipokea timu ya China ya mpira wa meza iliyozunguka katika miji ya Marekani. Watu wengi huicheka habari ya mpira huo kama mchezo wa watoto ulioingizwa katika siasa. Hata hivyo ndiyo inayoonyesha vizuri namna mashirika haya yanavyofanya kazi: hutanguliza jambo dogo ambalo hakuna awezaye kulikataa, na kupitia jambo hilo watu huzoeana hadi waweze kukaa mezani kwa jambo kubwa.

Kuna habari moja ambayo haitajwi katika historia za jumuiya hizo, nayo inaihusu Katanga moja kwa moja. Uhusiano wa Marekani na Japani ambao Rockefeller alikwenda kuutengeneza ulikuwa umevunjika kwa vita vilivyomalizika kwa bomu la Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945. Sehemu kubwa ya urani ya mradi uliotengeneza bomu hilo ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, katika mgodi wa Union Minière. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkurugenzi wa kampuni hiyo, aliamuru zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo zipelekwe New York kwa siri, nazo zikasafirishwa kupitia Lobito, yaani kwa reli ipitayo Dilolo. Wafanyakazi waliopakia mawe hayo hawakuambiwa ni kitu gani. Basi, kabla jumuiya yoyote ya urafiki haijaundwa, Katanga ilikwisha kuwa kati ya Asia na Marekani, nayo haikuwa imealikwa.

Kituo cha Carter: kutoka Beijing hadi Lubumbashi

Kati ya mashirika ya Kimarekani yaliyofanya kazi ya kuiunganisha nchi yao na China, Kituo cha Carter ndicho kilichofika Katanga. Kituo hicho kiliundwa mjini Atlanta mwaka 1982 na Jimmy Carter pamoja na mkewe Rosalynn, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Emory. Carter alikuwa rais wa Marekani uhusiano kamili wa kibalozi na China ulipoanza tarehe 1 Januari 1979; mwezi mmoja baadaye Deng Xiaoping alizuru Marekani, na Atlanta ilikuwa mmoja wa miji aliyoitembelea. Carter alipotoka madarakani alibaki na jina zuri Beijing, na jina hilo ndilo lililokuwa mtaji wa Kituo chake huko.

Kazi ya kwanza ya Kituo katika China haikuwa ya kisiasa. Kuanzia mwaka 1987 kilisaidia kufundisha walimu wa watoto wenye ulemavu na kuboresha utengenezaji wa viungo bandia. Miaka kumi baadaye, mwaka 1997, ujumbe wake ulitazama uchaguzi wa kamati za vijiji, na mwaka 2001 Carter mwenyewe alikwenda kutazama uchaguzi wa namna hiyo katika mkoa wa Jiangsu. Hapa tena unaonekana mwendo ule ule wa jambo dogo kutangulia. Shirika lililoanza na miguu ya bandia liliweza, baada ya muongo mmoja, kuzungumza na serikali ya China juu ya masanduku ya kura. Katikati ya miaka ya 2010 Kituo kiliongeza upande wa tatu: kilianza kuwakutanisha wataalamu wa Kimarekani, wa Kichina na wa Kiafrika, ili waone kama mataifa hayo mawili makubwa yangeweza kushirikiana katika bara hili badala ya kushindana.

Wakati huo Kituo kilikwisha kuwa na historia yake Kongo. Kilitazama uchaguzi wa mwaka 2006 na ule wa 2011. Serikali ilipounda tume ya kuichunguza upya mikataba ya madini mwaka 2007, mikataba ipatayo 60, Kituo kilitoa maoni yake ya kisheria juu ya uchunguzi huo. Baadaye kiliendesha mradi wa utawala bora wa madini kutoka Lubumbashi, kikayafundisha mashirika ya kiraia ya Katanga namna ya kuchunguza athari za migodi kwa haki za watu, na kikasaidia kuikusanya mikataba mahali pamoja katika intaneti baada ya amri ya Waziri Mkuu ya tarehe 20 Mei 2011, iliyotaka mikataba yote ya maliasili itangazwe katika siku 60 baada ya kuanza kutumika. Novemba 2017 kilitoa ripoti ndefu juu ya Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi mali ya Union Minière. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, kati ya mapato ya ubia ya dola bilioni 1.1 ya miaka 2011 hadi 2014, dola milioni 750 hazikuweza kufuatiliwa kwa uhakika katika hesabu za kampuni. Gécamines ilizikanusha tuhuma hizo kwa maneno makali.

Miaka hiyo hiyo ndiyo Asia na Marekani zilipobadilishana viti katika Lualaba. Mapatano ya Sicomines, yaliyotiwa saini Aprili 2008, yaliipa kampuni ya ubia, ambamo makampuni ya China yalikuwa na asilimia 68 na Gécamines asilimia 32, haki ya kuchimba karibu na Kolwezi. China kwa upande wake ilitakiwa kujenga barabara, hospitali na miundombinu mingine. Thamani ya mapatano ilikuwa dola bilioni 9, ikateremshwa hadi bilioni 6 mwaka 2009 baada ya Shirika la Fedha la Kimataifa kuhofia mzigo wa madeni, na mwaka 2024 yakajadiliwa tena ili fedha za miundombinu zifikie bilioni 7. Nao mgodi wa Tenke Fungurume, ulioanza kuzalisha mwaka 2009 chini ya Freeport-McMoRan ya Marekani, uliuzwa mwaka 2016: kampuni hiyo iliuza asilimia 56 kwa China Molybdenum kwa dola bilioni 2.65. Gécamines, mwenye asilimia 20, ililalamika kwamba haikushauriwa, na shauri likamalizwa Januari 2017 kwa malipo ya dola milioni 100. Katika mauzo hayo Mmarekani na Mchina walielewana vizuri kabisa. Ilikuwa, kwa namna yake, daraja kati ya Asia na Marekani, na halikuhitaji jumuiya yoyote ya urafiki.

Haifai kukilaumu Kituo cha Carter kwa biashara ambayo hakikuifanya. Kinachofaa kuangaliwa ni lugha. Ripoti ya 2017 ilitoka kwa Kiingereza na Kifaransa. Mikataba iliyokusanywa ilikuwa ya Kifaransa, mingine ya Kiingereza, na Wachina waliotia saini walishauriana kwao kwa Kichina. Kiswahili, ambacho Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inakitaja katika ibara yake ya kwanza miongoni mwa lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Ciluba, ndicho lugha ambayo mambo haya yote huzungumzwa chini ya mti, katika kanisa na ndani ya teksi. Lakini huzungumzwa kwa kusimuliana. Karatasi yenyewe iko katika lugha nyingine.

Maneno manne

Kiswahili cha Katanga kimechunguzwa kwa muda mrefu. Edgar Polomé alieleza sarufi ya Kiswahili cha Lubumbashi mwaka 1968, na Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986, alionyesha jinsi utawala wa kikoloni, misheni na makampuni yalivyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya kazi kati ya 1880 na 1938. Jambo la kukumbuka kutokana na uchunguzi wa Fabian ni kwamba vitabu vingi vya Kiswahili vya wakati ule vilikusudiwa kumwezesha bwana kutoa amri. Lugha iliyotayarishwa kwa ajili ya amri haikosi uwezo wa kueleza haki, lakini haikupewa nafasi ya kufanya hivyo katika maandishi rasmi. Maneno manne yanatosha kuonyesha ugumu unaotokana na hali hiyo.

La kwanza ni lile la mkataba wenyewe. Katika Kiswahili Sanifu "mkataba" ni makubaliano ya kila namna, ya serikali na serikali, ya mpangaji na mwenye nyumba. Katika ukanda wa shaba lililozoeleka ni la Kifaransa, "kontra", nalo lina historia. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière ilianza kuwaajiri wafanyakazi kwa vipindi vya miaka mitatu, pamoja na wake na watoto wao, ili kuacha mtindo wa kuwatafuta watu wapya kila mara. Kontra ikawa ni karatasi ya ajira: kampuni hutoa masharti, mfanyakazi huyakubali au huondoka. Anayesikia leo kwamba serikali ina kontra na Wachina huelekea kuitafsiri kwa maana hiyo hiyo, kwamba aliyeandika karatasi ndiye bwana na aliyetia sahihi ni mtumishi. Inavutia kuona kwamba neno la Kichina kwa jambo hilo, "hetong", limeundwa kwa sehemu mbili zenye maana ya kuungana na ya kuwa sawa. Maneno mawili yenye kumbukumbu zilizo mbali hivyo hukutana katika waraka mmoja, na hakuna anayelijua la mwenzake.

La pili ni "pas-de-porte". Ni fedha ambazo mwekezaji huilipa Gécamines anapoingia katika ubia, na katika Kifaransa cha kawaida ni fedha ambazo mpangaji hulipa ili apate duka, mbali na kodi ya kila mwezi. Mtu wa pwani angefikiria mara moja "kilemba", yaani zawadi apewayo fundi na mwanafunzi wake, au wapewayo jamaa za bibi arusi. Neno hilo lina utamu wake, lakini halifai. Kilemba cha fundi hutolewa mwishoni, kwa shukrani, baada ya kazi kukamilika, ilhali pas-de-porte hutolewa mlangoni, kabla mgeni hajajulikana tabia. "Kiingilio" ndilo neno sahihi zaidi kwa maana, na hasara yake ni kwamba humkumbusha msikilizaji tikiti ya uwanja wa mpira. Pamoja na hayo hasara hiyo ni ndogo: tikiti ya mpira ina bei inayojulikana na kila aliye kwenye foleni, na kama kiingilio cha mgodi kingekuwa hivyo, ripoti ya 2017 isingekuwa ndefu kama ilivyokuwa.

La tatu, ambalo ndilo lenye uzito zaidi, ni "redevance". Sheria ya madini iliyotiwa saini tarehe 9 Machi 2018 inaitoza shaba asilimia 3.5, na madini yaliyotangazwa kuwa ya kimkakati, kama kobalti, asilimia 10. Mapato hayo hugawanywa: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa eneo la utawala la mahali mgodi ulipo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tanzania hutumia "mrabaha", neno lenye asili ya Kiarabu ambalo mzizi wake una maana ya faida. Hapa mtaalamu wa leksikografia lazima asite. Redevance ya Kongo haitozwi kwa faida. Hutozwa kwa thamani ya jumla ya madini yanayouzwa, hata kampuni ikidai kwamba mwaka huo imepata hasara. Neno la Kifaransa linatokana na kitenzi cha kudaiwa: aliyechimba anadaiwa, amepata au hajapata. Mwanakijiji aliyefundishwa neno "mrabaha" pamoja na asili yake anaweza kuikubali hoja ya kampuni kwamba pasipo faida hakuna cha kulipa, na kumbe sheria iko upande wake.

Katika lugha za Lualaba yenyewe kuna neno lililo karibu zaidi na redevance. Katika dola ya Walunda, chini ya Mwant Yav, "mulambu" ulikuwa ni sehemu ya mavuno, mawindo au chumvi iliyopelekwa kwa mtawala na yeyote aliyetumia ardhi. Mulambu haukungojea faida. Ulitolewa kwa sababu ardhi ina mwenyewe. Kwa hiyo mtu wa Dilolo au Kapanga akiambiwa kwamba redevance ni mulambu wa shaba, ataelewa katika dakika moja kile ambacho semina ya siku mbili haikumwelewesha. Lakini neno hilo nalo lina hatari yake. Mulambu ulikuwa wa mtawala, naye aliugawa kwa hekima yake. Asilimia 15 ya sheria ya 2018 si ya chifu; ni ya eneo la utawala, iwe ni usultani, sekta au komuni, na ina hesabu ambayo mkazi anaweza kuidai. Atakayetafsiri kwa "mulambu" bila ya maelezo atakuwa amewapa machifu hoja ambayo sheria haikuwapa. Pengine "mulambu wa wote" lingefaa. Wanafunzi wa isimu wenye kuzungumza Kilunda wangeweza kulijaribu neno hilo vijijini kabla ya mtu yeyote kuliingiza katika kamusi.

La nne ni "cahier des charges", waraka ambao kampuni hulazimika kujadiliana na wakazi juu ya shule, maji, zahanati na mambo ya namna hiyo. Kwa neno moja moja ni daftari la mizigo. Katika nchi ambayo babu za watu walibeba mizigo ya msafara na ya kampuni vichwani, tafsiri hiyo hugeuza maana: huonekana kana kwamba wanaoandikiwa mizigo ni wakazi. "Waraka wa wajibu wa kampuni" ni tafsiri ndefu, lakini haimwachi msomaji na shaka juu ya nani anayewajibika. Mbali na waraka huo, sheria inaitaka kila kampuni itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakazi. Neno "mauzo" halina budi kuangaliwa, kwa maana likibadilishwa kuwa "mapato" au "faida" kiasi hicho huyeyuka.

Reli ile ile

Yaliyoelezwa kuhusu maneno yanaihusu Dilolo kwa namna ya pekee, kwa kuwa hapo ushindani wa Asia na Marekani umekuwa chuma na mataruma. Idhini ya kujenga reli ya Benguela alipewa Robert Williams na Wareno mwaka 1902. Njia ilifika mpakani mwaka 1929, ikaunganishwa na reli ya Katanga mwaka 1931, na kwa miaka zaidi ya arobaini shaba ya Kolwezi ilipita Dilolo kwenda baharini kwa njia iliyo fupi kuliko zote. Vita vya Angola viliikata mwaka 1975. Dilolo ikabaki stesheni ya mwisho isiyo na mbele.

Angola ilipopata amani, kampuni ya China iliijenga upya njia yote kutoka Lobito, nayo ikafunguliwa tena hadi Luau mwaka 2015. Kwa muda wa miaka michache reli hiyo ilitajwa kila mahali kuwa kazi ya Asia. Kisha mambo yakageuka. Mwaka 2022 Angola iliikabidhi haki ya kuendesha usafiri wa mizigo kwa ubia wa Trafigura, Mota-Engil na Vecturis, makampuni ya Ulaya. Oktoba 2023 Marekani, Umoja wa Ulaya, Angola, Kongo na Zambia zilitia saini hati ya makubaliano juu ya Ushoroba wa Lobito. Shirika la serikali ya Marekani la kugharimia maendeleo liliidhinisha mkopo wa dola milioni 553, na Desemba 2024 Rais Joe Biden alikwenda Lobito mwenyewe, akakutana na marais wa Angola, Kongo na Zambia. Wiki chache baadaye, tarehe 29 Desemba, Carter alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 100.

Magazeti ya Washington yaliueleza ushoroba huo kama jibu la Marekani kwa China. Ukweli wa mabehewa ni tofauti kidogo. Miongoni mwa shehena za mwanzo za majaribio, mwishoni mwa 2023, ilikuwamo shaba ya Kamoa-Kakula, mgodi wa karibu na Kolwezi ambamo Ivanhoe ya Kanada na Zijin ya China zina hisa zilizo sawa. Kwa maneno mengine, shaba ya Mkanada na Mchina ilisafiri juu ya reli iliyojengwa upya na Wachina, katika mabehewa ya Wazungu wanaotegemea mkopo wa Mmarekani. Ushirikiano ambao Kituo cha Carter kilikuwa kikiutafuta katika kumbi za mikutano ulikwisha kuwapo relini, pasipo mtu kuutangaza. Ubovu umebaki upande wa Kongo, ambako njia kati ya Dilolo na Kolwezi ni ya zamani na garimoshi huenda polepole mno. Matengenezo yake yanahitaji fedha na, kabla ya fedha, mikataba mipya.

Ndipo linaporudi suala la lugha. Kando ya njia hiyo kuna mashamba yaliyolimwa kwa miaka mingi ndani ya eneo la reli, kuna masoko yaliyokua juu ya mataruma wakati treni hazipiti, kuna makaburi. Matengenezo yakianza, wenye mashamba wataletewa karatasi za fidia. Asia Society imetumia miaka mingi kuwafundisha Wamarekani kwamba huwezi kuzungumza sera na Mwasia usiyeijua lugha yake, na Kituo cha Carter kiliwatafutia wajumbe wake wakalimani katika vijiji vya China. Kanuni hiyo inafaa kutumika pia Dilolo, na gharama yake si kubwa: waraka wa fidia uandikwe kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, usomwe kwa sauti kwa Kichokwe, Kiluvale na Kilunda, na hati ya Kiswahili iwe na nguvu sawa mbele ya hakimu. Katiba hiyo hiyo ya 2006 inaitaka serikali iziendeleze lugha nne za taifa bila ubaguzi.

Kazi ya kuyatayarisha maneno haiwezi kungojea kampuni ya reli. Istilahi za sheria ya madini ya 2018 pamoja na kanuni zake si nyingi kupita uwezo wa idara moja ya isimu, na wanafunzi wanaotoka Dilolo, Kapanga, Sandoa na Kasaji wanazijua lugha ambazo kamati ya Kinshasa haitazijua. Kwa kuanzia, maneno manne yaliyojadiliwa hapa yanahitaji kusikilizwa yanavyotumiwa na watu wenyewe: katika stesheni ya Dilolo, katika soko la Kasaji, na mbele ya ofisi za sekta ambako asilimia 15 hupaswa kufika.